KIMA NAMBA 766: Wanyama wa Maabara na Ubongo wa Mtoto Wako

Kama unasonga ugali au unamnyonyesha mtoto, endelea na kazi yako. Sisi twataka sikio lako tu.

Kuna swali ambalo akina mama wengi huuliza wakiwa kwenye benchi la kliniki, tena huliuliza kwa sauti ya chini: "Hii chanjo wanayomdunga mtoto wangu, ilijaribiwa kwa nani kwanza?" Ni swali zuri, wala halina aibu. Mama anayeuliza ni mama anayejali. Leo tutalijibu kwa kusimulia historia, na historia yenyewe haikutokea mbali. Sehemu yake kubwa ilitokea kwa majirani zetu Uganda, ukishapita Malaba na Kampala, karibu na Ziwa Viktoria. Sehemu nyingine ilitokea hapa hapa karibu nasi, katika Bonde la Kerio.

Homa iliyoua hata madaktari

Tuanze na ugonjwa unaoitwa homa ya manjano. Huu ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Mgonjwa hupata homa kali, kuumwa na kichwa na mgongo, na kutapika. Wengi hupona baada ya siku chache, lakini wengine hurudiwa na homa, macho na ngozi hugeuka manjano kwa sababu ini limeharibika, na damu huweza kuwatoka mdomoni na puani. Hauna dawa ya kuua virusi vyake. Hospitali humsaidia mgonjwa tu ili mwili wake upigane.

Mwaka wa 1927, katika nchi ambayo leo ni Ghana, watafiti walichukua damu ya mgonjwa mmoja aliyeitwa Asibi. Wakaidunga kwa kima aina ya resusi, ambaye kwao ni bara Asia. Yule kima akaugua akafa. Asibi mwenyewe alipona. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wataalamu kuweza kuushika ugonjwa huu ndani ya maabara na kuuchunguza. Lakini kazi hiyo iligharimu maisha ya watu pia. Daktari Adrian Stokes, mmoja wa waliofanya uchunguzi huo, aliambukizwa akafa mwaka huo huo wa 1927.

Kima walikuwa ghali na wagumu kufuga. Mwaka wa 1930 mtafiti Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Marekani, aligundua kwamba panya weupe wadogo wanaweza kutumika badala yao, mradi virusi viingizwe moja kwa moja kwenye ubongo wa panya. Panya wakiugua, inajulikana kwamba virusi vipo. Kuanzia hapo ubongo wa panya ukawa kama mzani wa kupimia virusi katika maabara nyingi za ulimwengu.

Chanjo mbili, na somo kuhusu watoto

Hapa, mama, sikiliza kwa makini, maana ndipo utaelewa kwa nini mtoto hadungwi chanjo hii akiwa mchanga kabisa.

Kutokana na kazi ya panya zilizaliwa chanjo mbili. Ya kwanza ilitengenezwa Dakar, Senegal, kwa kutumia virusi vilivyokuzwa katika ubongo wa panya. Ilitumika sana Afrika Magharibi na iliwakinga watu wengi. Lakini virusi vile vilikuwa vimezoea ubongo. Baadhi ya watoto waliochanjwa walipata uvimbe wa ubongo. Baada ya hapo watoto wadogo hawakupewa tena, na kufikia mwaka wa 1982 chanjo hiyo haikutengenezwa tena.

Ya pili ni ile ya Theiler na wenzake, iliyotoka mwaka wa 1937, inayoitwa 17D. Walichukua virusi vilivyotoka kwa yule Asibi, wakavikuza mara nyingi sana katika seli za vifaranga ambao hawajaanguliwa, seli zilizoondolewa ubongo na uti wa mgongo. Virusi vikakosa nafasi ya kuzoea ubongo, vikapoteza ukali wake. Kabla ya kupewa watu, vilijaribiwa kwa kima, hata kwa kuingizwa kwenye ubongo wao, ili kuona kama bado vina madhara. Theiler alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1951. Chanjo ya 17D ndiyo mzazi wa chanjo za homa ya manjano zinazotumika hadi leo, na bado hutengenezwa kwa mayai ya kuku.

Hata hivyo ubongo wa mtoto mchanga ni mwororo. Ndiyo maana chanjo hii haipewi mtoto aliye chini ya miezi 6, na kwa kawaida husubiriwa hadi afikishe miezi 9. Muuguzi akikwambia, "Mama, rudi mtoto akiwa na miezi tisa," hakufukuzi wala hakucheleweshi. Kuna watoto wa zamani walioumia ndipo sisi tukajua.

Kima namba 766

Sasa tuingie Uganda. Mwaka wa 1936 shirika la Rockefeller la Marekani lilifungua mjini Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Taasisi hiyo ipo hadi leo, na sasa inaitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Karibu na hapo, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, kuna msitu mdogo unaoitwa Zika.

Watafiti walitaka kujua kama virusi vya homa ya manjano vinazunguka katika msitu huo. Wakajenga majukwaa juu ya miti, wakaweka vizimba vyenye kima wa resusi. Kwa nini wasitumie tumbili wa hapo hapo? Kwa sababu tumbili wa Afrika wameishi na virusi hivi vizazi na vizazi. Wakiambukizwa huugua kidogo tu, na wengi huwa tayari wana kinga. Kima kutoka Asia hana kinga hiyo, kwa hiyo akiumwa na mbu mwenye virusi, homa itamtangaza. Walikuwa kama walinzi waliowekwa juu ya mti, ila mlinzi huyu hakuomba kazi.

Tarehe 18 Aprili 1947, kima mmoja, namba 766, alipatikana na joto la nyuzi 39.7. Akatolewa damu. Maji ya damu yake yakadungwa kwenye ubongo wa panya wa maabara, na siku ya 10 panya wote wakawa wagonjwa. Virusi vilivyotolewa katika ubongo wao havikuwa vya homa ya manjano. Vilikuwa kitu kipya kabisa, na vikapewa jina la msitu: Zika. Mwezi wa Januari 1948 virusi hivyo hivyo vilipatikana katika mbu wa msitu huo, aina ya Aedes africanus.

Kima 766 mwenyewe hakuonyesha dalili nyingine zaidi ya homa. Watafiti George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walichapisha habari hizo mwaka wa 1952. Dick aliandika pia kwamba virusi hivi vilipenda ubongo wa panya na kuharibu seli za neva humo, na kwamba panya wachanga waliathirika kwa urahisi kuliko panya wakubwa. Sungura waliodungwa hawakuugua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wengine walitazama ubongo wa panya kwa hadubini yenye nguvu, wakaviona virusi vya Zika ndani ya seli za neva na seli zinazozilisha.

Ishara ambayo haikusomwa

Utauliza: kama panya walisema mapema hivyo kwamba Zika hupenda ubongo, mbona akina mama hawakuonywa?

Sababu ni mbili. Kwanza, virusi vingi vikiingizwa kwa sindano ndani ya ubongo wa panya vitaleta madhara, hata vile ambavyo kwa njia ya kawaida havifiki huko. Kwa hiyo wataalamu hawakuona jambo la ajabu. Pili, watu waliougua Zika walipata homa ndogo, vipele na macho mekundu, wakapona baada ya siku chache. Mtafiti David Simpson, aliyekuwa akifanya kazi Entebbe, aliugua mwenyewe akaandika habari zake mwaka wa 1964: ugonjwa mwepesi, basi. Virusi vikawekwa kabatini.

Lakini kuna swali moja ambalo halikuulizwa maabara miaka yote hiyo: je, mnyama mwenye mimba akiambukizwa, kichanga kitakuwaje? Mnyama wa maabara hujibu swali aliloulizwa tu. Usipomuuliza habari ya mimba, hatakwambia habari ya mimba.

Jibu lilikuja kwa njia chungu. Virusi vilisafiri hadi kisiwa cha Yap katika Bahari ya Pasifiki mwaka wa 2007, kisha Polinesia ya Kifaransa mwaka wa 2013, na mwaka wa 2015 vikaenea Brazil. Huko madaktari walianza kupokea watoto waliozaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi, na ubongo usiokua. Mama zao walikumbuka vipele na homa kidogo wakati wa mimba. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa, iliyoondolewa tarehe 18 Novemba mwaka huo. Kwa familia zinazolea watoto hao, kazi haikuishia siku hiyo. Inaendelea kila asubuhi.

Seli katika kisahani na panya wasio na kinga

Mwaka huo wa 2016 maabara zilifanya kazi usiku na mchana. Nchini Marekani watafiti walikuza katika kisahani cha maabara seli changa za binadamu, zile ambazo kwa kichanga tumboni hugawanyika na kuwa ubongo. Walipoweka Zika, virusi viliingia katika seli hizo, vikazizuia kugawanyika, na nyingi zikafa. Fikiria fundi mwashi anayejenga nyumba, kisha mwizi akaiba matofali kabla ukuta haujapanda. Nyumba itabaki fupi. Hivyo ndivyo kichwa kinavyobaki kidogo. Nchini Brazil watafiti walikuza vibonge vidogo vya seli vinavyofanana na ubongo unaoanza kuumbwa, wakaona vibonge vilivyoambukizwa vinakua kidogo kuliko vingine.

Seli katika kisahani hazina mimba wala kondo la nyuma. Kwa hiyo panya walirudi tena. Lakini panya mzima wa kawaida huishinda Zika haraka, kwa sababu mwili wake una askari wa kwanza wa kinga aitwaye interferoni, ambaye Zika haimwezi kwa panya ingawa kwa binadamu humzuia. Watafiti wakatumia panya waliozaliwa bila uwezo wa kutumia askari huyo. Kwa panya hao wenye mimba, virusi vilipita kwenye kondo la nyuma vikawafikia watoto tumboni. Swali lililokosa kuulizwa tangu 1947 likapata jibu, karibu miaka 70 baadaye.

Na sisi wa hapa?

Mwaka wa 1992 hadi 1993 homa ya manjano ililipuka katika Bonde la Kerio, huko Baringo na Elgeyo Marakwet. Ulikuwa mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo kurekodiwa nchini Kenya. Watafiti waliokwenda kutega mbu walipata virusi katika mbu wa msituni, akiwemo Aedes africanus, yule yule wa msitu wa Zika. Baadaye serikali iliingiza chanjo ya homa ya manjano katika ratiba ya watoto wa sehemu zilizo hatarini, zikiwemo Baringo na Elgeyo Marakwet. Mwaka wa 2022 ugonjwa ulijitokeza tena Isiolo, ishara kwamba virusi bado vimo nchini.

Basi mama wa Iten au Tambach anapopeleka mtoto wa miezi 9 kliniki, sindano ile ina historia ndefu: Asibi wa Ghana, kima, panya, vifaranga, na watafiti waliokufa. Na mama wa Eldoret mjini anayemtuma mtoto kwa nyanya yake bondeni wakati wa likizo, amwulize muuguzi kama mtoto anahitaji chanjo hiyo kabla ya safari.

Je, ni haki kwa wanyama?

Wapo wanaosikia habari hizi na moyo ukawauma kwa ajili ya wanyama. Moyo huo ni mzuri, tusiudharau. Kima 766 alitolewa kwao akafungiwa kizimbani juu ya mti wa nchi ya mbali. Mwaka wa 1959 wataalamu wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliandika kanuni tatu zinazofuatwa hadi leo: pale panapowezekana, tumia njia nyingine badala ya mnyama, ukilazimika, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na wapunguzie maumivu. India ilipiga marufuku kuuza kima wake nje mwaka wa 1978. Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataka anayefanya majaribio kwa wanyama awe na leseni.

Vile vibonge vya seli vya mwaka wa 2016 ni mfano wa kazi ambayo zamani ingefanywa kwa wanyama peke yao. Lakini ukweli usemwe: bado havijaweza kuchukua nafasi yote. Tusiseme mnyama hana thamani, na tusisahau watoto waliookolewa.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kupata habari kwa gharama ya uhai wa mnyama, kisha kuiweka kabatini. Panya wa Entebbe walishasema kwamba Zika hupenda ubongo. Na mama vilevile ana habari. Ukimwambia mhudumu wa afya, "Nilipata homa na vipele nikiwa na mimba ya miezi miwili," hiyo ni habari. Isemwe, iandikwe katika kijitabu cha mama na mtoto, isipotee.

Mambo ya kukumbuka

1. Homa yoyote wakati wa mimba, nenda kliniki siku hiyo hiyo ukapimwe. Mara nyingi huenda ni malaria, na malaria ina dawa. Usinunue tembe dukani ukanyamaza.

2. Mbu wa Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Neti ya usiku ni muhimu kwa malaria, lakini haitoshi kwa mbu huyu. Funika mapipa na mitungi ya maji, mwaga maji yaliyosimama katika magurudumu mabovu, makopo na masufuria ya zamani.

3. Chanjo ya homa ya manjano hupewa mtoto wa miezi 9 katika sehemu zilizo hatarini. Dozi moja hutosha maisha yote kwa watu wengi. Mwambie muuguzi kama mtoto hudhurika vibaya akila mayai, au kama wewe mwenyewe una mimba na umeambiwa uchanjwe.

4. Zika bado haina chanjo iliyoidhinishwa wala dawa. Virusi vyake huweza pia kupitishwa kwa kujamiiana. Mume akitoka nchi yenye Zika na wewe una mimba, tumieni kondomu mpaka ujifungue, au msikutane kimwili muda huo. Kunyonyesha kuendelee kama kawaida.

5. Kila mtoto apimwe mzunguko wa kichwa anapozaliwa. Ukiona kichwa ni kidogo mno, au kinakua haraka kupita kiasi, usimfiche mtoto ndani ya nyumba na usikubali mama alaumiwe kwa laana. Mpeleke kituo cha afya mapema. Wakihitaji, watakuelekeza hospitali kubwa kama ile ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hapa Eldoret.

Maswali ya kujadili kikundini

Je, katika kikundi chenu kuna mama aliyewahi kukataa chanjo kwa sababu hakuelezwa ilivyopatikana? Mngemweleza nini leo?

Ni maji gani yaliyosimama karibu na nyumba zenu ambayo mnaweza kuyamwaga kabla ya jua kutua?

Mpendwa msikilizaji, ukienda kliniki wiki hii, uliza lile swali kwa sauti: chanjo hii ni ya nini, na imetoka wapi? Muuguzi mwema atafurahi kukujibu.